Hujakaa Kimeneja

Nilisema "lipoti".

Sikuisikia ikitoka. Niliiona kwenye uso wa mgeni mmoja kati ya wawili waliokuja na ndege ya asubuhi kutoka Dar: mdomo ukavutika upande, macho yakashuka kwenye simu. Basi. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenirekebisha. Lakini kuanzia hapo nikawa na vikao viwili kichwani, kimoja cha joto la samaki na kingine cha herufi r.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye chumba cha mikutano cha kiwanda cha samaki ninachofanyia kazi, hapa Mwanza. Chumba kiko juu, dirisha linatazama ziwa, kivuko cha Kamanga kilikuwa kinapiga honi. Nilikuwa na jambo moja la kusema: magari yanayotoka mialoni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, yanafika na samaki waliokwisha poteza ubaridi, na lazima tuanze kuyarudisha. Lilikuwa jambo la pumzi mbili.

Nililisema kwa dakika 18. Nilianza na "samahani, sitawachosha". Katikati nikaweka "labda mimi ndiye sijaelewa vizuri". Nikawapitisha kwenye kurasa sita za majedwali. Nikamalizia na "ni mawazo tu, mtaona wenyewe".

Wakanishukuru, wakahamia kwenye bei ya dizeli.

Dakika kama kumi baadaye meneja wa uzalishaji, mwanaume wa kifua na sauti ya kuita boti ng'ambo, akaegemea kiti akasema, "Mimi naona haya magari tuwe tunayarudisha." Vichwa vikaitikia. Hoja nzuri hiyo. Katibu akaandika kwenye muhtasari, jina lake mbele.

Nilikuwa nakunja waya wa kompyuta mkurugenzi aliponisubiri mlangoni. Ni mtu mzima, mstaarabu, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Alishusha sauti kama mtu anayekuambia zipu iko wazi.

"Kazi unaijua, mama. Hilo sina wasiwasi nalo. Ila hujakaa kimeneja."

Zimepita wiki nyingi, na bado naisikia nikiwa naosha vyombo.

## Watu wa chai

Kinachokera ni kwamba nilimwelewa. Kila aliyewahi kukaa ofisini anamwelewa. Kuna mtu akiingia chumbani mazungumzo yanapungua bila kuombwa. Anaweza kunyamaza nusu saa, lakini akifungua mdomo, simu zinageuzwa kifudifudi. Tunasema ana uzito. Tunasema amekaa kibosi. Halafu kuna mwingine, anaijua kazi kuliko wote mezani, ila akianza kuongea watu wanakumbuka kwamba chupa ya chai iko kule pembeni.

Mimi ni wa chai.

Nina miaka 38. Nimekaa kiwandani miaka 11, nilianza kama mchukua sampuli wa zamu ya usiku, leo ni meneja wa ubora. Kule chini, kwenye ukumbi wa kuchakata, vibarua wananiita Mama Barafu, na hawaniiti hivyo kwa mapenzi. Nikitokeza kwenye pazia la plastiki na kipimajoto mkononi, meza nzima ya wakata minofu inanyoosha migongo. Kwa hiyo swali lililoninyima usingizi halikuwa kama nina uzito au sina. Lilikuwa hili: yule Mama Barafu anabaki wapi ninapopanda ngazi?

Ngazi zenyewe ni 22. Nimezihesabu siku hizi.

(Najua makala ya Mwanza inayozungumzia kusimama imara ingetakiwa kupitia Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani. Jiwe lile halijawahi kuitwa kwenye kikao. Tuliache.)

## Blezia ya Mlango Mmoja

Jumamosi ya wiki ile ile nilikwenda Mlango Mmoja nikachambua mitumba mpaka nikapata blezia ya kijivu, mabega yamejaa sponji. Makoroboi nikanunua viatu vya kisigino. Usiku, watoto wakishalala, nikawa naangalia video za wakufunzi wa uongozi. Shusha sauti. Ongea polepole. Mtazame mtu usoni. Usijiguse shingo. Ukikaa, tawanya karatasi zako, chukua nafasi.

Halafu ile ya kusimama. Bila shaka mmekutana nayo: kabla ya kikao jifungie mahali, tanua miguu, weka mikono kiunoni, inua kidevu, kaa hivyo dakika mbili na ujasiri utakuja wenyewe. Nilijifungia choo cha juu, ambacho kitasa chake ni cha kubahatisha. Dakika ya kwanza haijaisha, dada wa usafi akasukuma mlango na ndoo yake.

"Pole mama. Mgongo?"

Nikasema ndiyo, mgongo.

Aibu ile ilinipeleka kutafuta jambo hili lilianzia wapi. Utafiti ulioeneza mkao huo ulichapishwa Marekani mwaka 2010, ulikuwa na watu 42 tu, na ulidai kwamba kusimama hivyo kunabadilisha mpaka homoni mwilini. Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia zoezi kwa watu 200. Walioshiriki walisema wanajisikia wana nguvu zaidi, ila homoni hazikusogea. Mwaka uliofuata Dana Carney, mmoja wa walioandika ule wa mwanzo, akatangaza hadharani kwamba haamini tena kuwa athari ile ni ya kweli. Nilimpenda sana mama huyu. Kusimama mbele ya wanataaluma wenzako ukasema kazi yenye jina lako haina mashiko! Huo ndio uzito niliokuwa nautafuta, na sidhani aliutoa chooni.

Rafiki yangu mmoja aliniambia tatizo langu lina jina, ile hali ya kujiona tapeli kazini. Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliiandika mwaka 1978, baada ya kuzungumza na wanawake waliofanikiwa sana lakini wakiamini wamefika walipo kwa bahati, na kwamba siku moja watagunduliwa. Niliisoma nikijitafuta humo. Sikujiona. Sijawahi kujiona tapeli. Nikibonyeza mnofu kwa kidole naweza kukuambia samaki yule amelala usiku mmoja au mitatu. Hofu yangu haikuwa kwamba watagundua sijui.

Hofu yangu ilikuwa kwamba najua, na haitasaidia kitu.

Sauti nzito ilidumu siku nne. Binti yangu wa darasa la tano ndiye aliyeizika: "Mama, una mafua?"

Blezia ilifika kikao kimoja tu, cha wakuu wa idara. Nilikuwa nalinda uso, nalinda mikono, nalinda mwendo wa maneno, nalinda r. Mhasibu akauliza wiki iliyopita tulipokea tani ngapi. Nikaduwaa. Namba ninayolala nayo! Ikabidi nifungue daftari mbele ya watu. Nilikuwa nimeingia mle ndani nikiwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa hajui chochote kuhusu samaki.

## R

Kwetu Kisesa r na l ni mtu na mdogo wake, wanaazimana nguo. Darasa la tatu mwalimu alinisimamisha niseme "rula nyekundu", nikasema "lula", akanisimamisha mpaka kengele ikalia. Nilijifunza. Nikiwa nimetulia r yangu inatoka safi kama ya mtu wa Tanga. Nikipata hofu inarudi Kisesa kwa miguu.

Wiki ya pili baada ya kikao nilikuja na mpango wa kijinga: nifute kila neno lenye r kwenye taarifa zangu. Ripoti yenyewe ikawa maelezo, ratiba ikawa mpangilio, rekodi ikawa kumbukumbu. Nilikwama kwenye "kurudisha", neno nililolihitaji kuliko yote. Mbadala uliokuja ulikuwa "kukataa". Tukatae magari. Nililiandika, nikalitazama, nikaona kali mno kwa mtu kama mimi, nikalifuta. Nikarudisha "kurudisha".

Kumbukeni hapo. Nitaparudia.

Rais wa tano alitoka ng'ambo hapo tu, Chato, na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kanda ya Ziwa mwanzo mpaka mwisho. Akija huku alimwaga Kisukuma jukwaani watu wakashangilia. Sikumbuki aliyesema hana uzito. Najua, najua, yeye alikuwa rais, tena mwanaume. Na hapo sitaki kujidanganya wala kuwadanganya wadogo zangu wanaosoma hapa: hoja yangu haikuhamia kwa mwenzangu kwa sababu ya herufi moja. Kuna masikio hayajazoea kupokea neno zito likitoka kwenye sauti ya mwanamke, na hakuna blezia ya kuyazibua.

Nilimfuata meneja wa uzalishaji nikamwambia. Alishangaa kwelikweli.

"Ulisema wewe? Mbona mimi sikusikia?"

Nilimwamini. Ndiyo maana iliuma.

## Mwaloni

Mama yangu mdogo anauza dagaa Mwaloni Kirumba tangu nikiwa shule ya msingi. Jumapili moja niliamka nikaenda kwake kununua dagaa wa nyumbani, au ndivyo nilivyojiambia.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone. Kaa hapo kwenye gunia, si hilo, hilo lina maji."

Nilikaa. Korongo wale wakubwa wenye vipara walikuwa wanazunguka kama wakaguzi. Akaja mnunuzi, Mkongo, wale wanaochukua mzigo wa kuvusha mpaka. Akagusa dagaa, akanusa, akataja bei. Bei ya matusi, hata mimi niliona.

Mama mdogo hakujibu. Hakukunja uso, hakucheka, hakugeuka pembeni kwa maringo. Aliendelea kuokota vijiwe kwenye dagaa kimoja kimoja. Mnunuzi akasema dagaa hawa wana mchanga. Kimya. Akasema kuna mama pale mbele anauza chini ya hapo. Kimya. Akaanza kueleza barabara, na mpaka, na mzigo wake uliopita ulivyolowa njiani. Akapandisha bei mwenyewe. Akaeleza tena. Akapandisha tena. Mimi nilikuwa natoka jasho, nilitamani kumsaidia yeyote kati yao.

Mara ya tatu mama mdogo akainua kichwa.

"Gunia arobaini?"

"Arobaini."

"Pakia."

Hayo tu. Mnunuzi alipokwenda kuita wabebaji nikamuuliza, "Mama, ukinyamaza vile huwa unawaza nini?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Hasara. Nikimkosa huyu, leo nalala na hasara kiasi gani, na ipi naweza kulala nayo. Nilishaihesabu alfajiri nyumbani. Hapa nakumbuka tu."

"Na akiondoka?"

"Aondoke. Si ana miguu?"

Nikamweleza habari ya kutokaa kimeneja, na video, na blezia, na kutafuta kujiamini. Choo nilikiruka. Alicheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya kanga.

"Kujiamini! Mimi nina deni la kikoba, mwanangu. Kujiamini ni kwenu nyie mnaolipwa mwisho wa mwezi hata mkinyamaza."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Mwaka wake wa kwanza pale alikuwa anawabembeleza wanunuzi, anashusha bei kabla hawajaomba, kisha anakwenda kulia nyuma ya magunia. Meza ya jirani alikuwepo mjane mmoja kutoka Ukerewe, ambaye wanunuzi walimwogopa. Akaanza kumwiga. Anavyokaa, anavyookota vijiwe, mpaka anavyofunga kanga kiunoni. Watu walimcheka miaka miwili, wakimwita kwa jina la yule mjane.

"Kwa hiyo kunyamaza kule si kwako?"

"Ni kwangu. Mwenyewe alishakufa. Atamdai nani?"

## Nani alimzaa Mama Barafu

Nilirudi nyumbani na kilo tatu za dagaa na kichwa kimevurugika.

Kwa sababu kati ya ushauri wote nilioupata wiki zile, uliorudiwa kuliko mwingine ulikuwa "kuwa wewe mwenyewe". Video zote zilizoniambia nishushe sauti zilimalizia hapo. Ila mimi mwenyewe ni yupi? Nilidhani ni Mama Barafu, yule wa chini, ambaye hajifundishi kusimama chooni. Sasa nikamkumbuka vizuri. Mwaka wangu wa kwanza kwenye zamu ya usiku alinifundisha msimamizi mmoja, mama wa makamo, mkali, mwenye maneno machache. Alikuwa na tabia ya kuinua kipimajoto juu watu wote wakione kabla hajakisoma kwa sauti. Mimi hufanya hivyo hivyo mpaka leo. Kukohoa kidogo kabla ya kusema "hapana", kwake. Kuwaita vibarua kwa majina ya watoto wao, kwake. Sijaleta kitu pale ukumbini nilichozaliwa nacho, labda baridi ya miguu.

Kwa hiyo si kwamba kuiga kulinishinda. Nimeiga maisha yangu yote na kukanikaa. Lakini yule mama wa zamu ya usiku alikuwa anajibia kile kile ninachojibia mimi: mnofu ukiharibika, jina ni lake. Wale wa kwenye video sijui walikuwa wanajibia nini. Pengine idadi ya watazamaji.

Hata sangara si mwenyeji, nikajiambia. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na leo Mwanza nzima inajivunia yeye. Nikafurahia mfano huo kwa siku mbili hivi. Halafu nikakumbuka furu, wale samaki wadogo wa asili, alivyowala mpaka aina nyingi zikatoweka. Wa kuazima anaweza kummaliza mwenyeji. Kwa hiyo mfano sijui niuweke wapi, nauacha hapa.

## Gari la saa tisa

Wiki ya nne, saa tisa usiku, simu. Gari limeingia kutoka upande wa Sengerema, na kiongozi wa zamu hataki kuliamulia peke yake. Nikaenda na kanga juu ya suruali.

Barafu ilikuwa imekwisha, maji yanadondoka nyuma ya gari. Nikachoma kipimajoto kwenye samaki wa juu, wa katikati, wa chini kabisa. Samaki mbichi anatakiwa afike akiwa karibu na sufuri, joto la barafu inayoyeyuka. Yule wa katikati alisoma nyuzi 9.

Wakala alianza kwa upole, akaja kwenye kelele. Alikuwa analeta samaki pale mimi nikiwa wapi? Nani amesema joto hilo ni kubwa? Akatoa simu, akampigia mkurugenzi mbele yangu. Haikupokelewa, saa tisa ile. Akapiga tena.

Magoti yalikuwa yananitetemeka. Hili naliandika kwa sababu watu wanadhani wale wenye uzito hawatetemeki. Buti za mpira zinafika chini ya goti, na koti jeupe linashuka mpaka hapo. Hakuna anayeona kitu.

Nikainua kipimajoto, nikampa akisome mwenyewe. Alikisoma. Nikanyamaza. Na katika kunyamaza kule nikajikuta nahesabu, kama mama mdogo.

Nilihesabu mwaka 1999. Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja hapa mjini. Watu walikuwa wakimwaga sumu majini kuvua, na walioumia si wao peke yao. Baba alikuwa hajawahi kushika sumu. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi, akakaa kwenye kigoda uani, mama akamuuliza kama anaumwa. Nilikuwa na miaka 12 hivi. Nilijua tu kwamba mtu mzima hakai uani saa nne asubuhi. Gari moja bovu halimalizikii kwenye gari. Hiyo ndiyo hasara nisiyoweza kulala nayo, na niliihesabu zamani mno, kabla sijajua kwamba ni hesabu.

"Hatushushi," nikasema.

Aliondoka na samaki wake na maneno yake. Kumekucha niko njiani narudi nyumbani, hospitali ya Bugando juu kule taa bado zinawaka, ndipo likanijia lile ambalo blezia isingeniambia. Kule chini siombi. Siwaonyeshi vibarua kurasa sita nikitumaini watagundua wenyewe. Mle juu nilipeleka majedwali yote yale kwa makusudi, ingawa sikuwa najua kuwa ni makusudi: ili namba waitoe wao. Uamuzi uwe wao. Wakala akilalamika, alalamike kwao. "Ni mawazo tu, mtaona wenyewe." Nilikuwa nimeuita unyenyekevu, na mama yangu angeuita hivyo pia, lakini mimi najua nilikuwa nakwepa lawama.

Kabla hamjanipigia makofi ya gari la saa tisa, nikiri jambo. Ukumbini haingii mtu bila buti, na bila kukanyaga maji ya klorini mlangoni. Imeandikwa kwa herufi kubwa. Mkurugenzi huingia na viatu vyake vya ngozi akiwa na wageni, anaruka yale maji kama mtoto anayeruka dimbwi. Miaka 11. Sijawahi kumwambia kitu. Namtazama tu, kisha natuma mtu apige deki.

Kumbe hata Mama Barafu huyeyuka.

## Namba moja

Kikao kilichofuata sikuvaa blezia. Visigino nilivaa, navipenda. Nilikuwa na karatasi moja yenye mstari mmoja, na alfajiri ile nilikuwa nimehesabu: mawakala wangapi watatukimbia, tani ngapi zitapungua, na kwamba ninaweza kunuka midomoni mwa watu mwezi mzima. Pia kwamba ninaweza kuambiwa nirudi zamu ya usiku. Hiyo nayo nikaihesabu. Nikaona naweza kulala nayo, tena usiku kule kuna ubaridi mzuri.

"Lipoti yangu ina namba moja," nikasema.

Ndiyo. Ilitoka vile vile. Nikaisikia safari hii, ikapita.

"Nne. Kuanzia Jumatatu gari likisoma zaidi ya nyuzi 4 getini, nalikataa. Mawakala nimeshawaandikia barua, nakala hizi hapa."

Neno "nalikataa" lilisikika geni mdomoni mwangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha magurudumu na kikombe cha chai mbele. Meneja wa uzalishaji akasema mawakala watahamia kiwanda kingine. Nilikuwa na jibu, lenye aya tatu. Nikaanza kuokota vijiwe. Namaanisha niliitazama karatasi, nikahesabu madirisha, boti mbili, boya. Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba nilisikia feni. Nilitaka kusema samahani, kwa feni kama hakuna mwingine. Akajibu mwenyewe: "Ingawa wakirudi watarudi na barafu."

Mkurugenzi akauliza, "Na likisoma tano?"

"Nalikataa."

"Likiwa la mjomba wangu?"

Watu wakacheka. Mjomba wake kweli analeta samaki.

"Nalikataa, mzee. Na nitampigia mimi, asikusumbue."

Katibu akaandika. Sikuangalia jina la nani.

Kama mnasubiri niseme mambo yamenyooka, hayajanyooka. Mawakala wawili wamehama na hawajarudi. Wiki mbili za mwanzo tulikuwa na meza tupu, vibarua wakarudishwa nyumbani, na mmoja wao aliniambia getini, bila hasira, kwamba barafu yangu imemlaza mwanawe na uji. Hilo sikuwa nimelihesabu. Nimekuwa nalihesabu tangu hapo, na namba haitulii. Mkurugenzi hajaniambia kama sasa nimekaa kimeneja, na mimi sijamuuliza. Mjomba ameongeza masanduku ya barafu.

## Alhamisi

Tuna binti wa mafunzo kwa vitendo, katoka chuo cha uvuvi Nyegezi, mdogo wa umbo, anashika ubao wake wa kuandikia kifuani kama ngao. Kila akinipa vipimo anaanza na samahani. Mara kadhaa nimetaka kumwambia ajiamini, nikaona aibu. Nikawa namuuliza tu namba ni ngapi.

Alhamisi iliyopita alikuwa mlangoni pa ukumbi, mimi niko ndani meza ya tatu. Mkurugenzi akaja na wageni, na mmoja wao ni yule wa Dar, wa tabasamu la pembeni. Viatu vyao vinang'aa. Mkurugenzi akakusanya suruali kidogo kwenye mapaja, kama kawaida yake, tayari kuruka.

"Shikamoo mzee," binti akasema. Akasogea akasimama mbele ya maji.

"Marahaba, binti. Tunapita."

"Hailuhusiwi kupita na viatu, mzee."

Mkurugenzi akanitafuta kwa macho juu ya kichwa chake. Nilikuwa nimeshika kipimajoto ndani ya samaki, nikaendelea kukisoma. Kilikuwa kimeshatulia zamani, nyuzi 2.

"Buti zipo," binti akasema. Ubao ulikuwa unatetemeka kifuani kwake, niliuona nikiwa kule kule. "Kuna arobaini na mbili na arobaini na tatu."

Mkurugenzi alikuwa bado ananitazama. Mgeni wa Dar alikuwa ameshainama, anafungua kamba za viatu.